Stashahada ya Uzamili ya Elimu: Ni Nini, na Inamhusu Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi, huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita wapo vijana wa Kiislamu waliohitimu shahada za kemia, uhasibu, jiolojia, historia, lugha ya Kiarabu na hata sharia. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini asiende kufundisha sekondari, atakujibu kuwa hakusomea ualimu. Mzazi naye hudhani kwamba kijana huyo akitaka ualimu itabidi arudi chuo kikuu na kuanza upya miaka mitatu. Jambo hili si kweli. Upo mlango mwingine, nao umekuwepo miaka mingi. Unaitwa Stashahada ya Uzamili ya Elimu, na vyuoni hufahamika zaidi kwa herufi PGDE.

Kwanza tuondoe utata wa jina, maana jina hili limewapotosha watu. Mtu akisikia neno "stashahada" hufikiri ni ile diploma ya kawaida iliyo chini ya shahada. Stashahada ya kawaida ya ualimu husomwa na aliyemaliza kidato cha sita, kwa miaka 2, naye hutoka akiwa mwalimu wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Stashahada ya uzamili iko juu ya shahada ya kwanza. Haingii mtu asiye na shahada. Mimi ninayeandika nina stashahada ya masomo ya Kiislamu, na mlango huo kwangu bado umefungwa mpaka nipate shahada. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma makala haya asifanye haraka. Ayaweke akilini kwa ajili ya baadaye, au amsomee kaka yake.

Kwa anayesoma kwa muda wote, kwa kawaida masomo haya ni ya mwaka mmoja. Kwa anayesoma huku akifanya kazi yanaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Katika muda huo hafundishwi tena kemia wala historia, kwani hiyo alikwisha kuisoma. Anafundishwa kufundisha.

Hapa ndipo baadhi ya watu hucheka. Husema, mtu akijua jambo si atalieleza tu? Ndugu zangu, tuangalie yaliyotokea nchini mwetu. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na sekondari za kata zikajengwa kwa wingi kuliko walimu waliokuwepo. Ili kuziba pengo, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani. Wananchi waliwapachika jina la "voda fasta", kwa kuwafananisha na huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Vijana wale hawakuwa wajinga, na wengi walikuwa wamefaulu vizuri. Walichokosa ni ufundi wa kulichukua walichokijua na kukiingiza katika kichwa cha mtoto aliyeketi mbele yao.

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili mapema. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyefariki Cairo mwaka 1406, aliandika katika Muqaddima yake, iliyoandikwa mwaka 1377, kwamba kufundisha ni ufundi unaojitegemea, kama zilivyo kazi nyingine za mikono na akili. Aliona kuwa mwanafunzi apitishwe katika fani mara tatu: mara ya kwanza kwa ujumla na wepesi, mara ya pili kwa ufafanuzi na kutajiwa tofauti zilizopo, na mara ya tatu pasibakie fundo lisilofunguliwa. Anayemmiminia mwanafunzi mambo mazito siku ya kwanza humchosha na kumfanya aikimbie elimu. Vilevile alionya juu ya ukali uliopindukia, kwamba humfundisha mtoto uongo na uvivu. (Sisi walimu wa madrasa tunaopenda bakora tungefaa tuisome sehemu hiyo mara mbili.)

Anayesoma PGDE leo atakutana na mawazo yanayokaribiana sana na hayo kwa majina mengine. Atasoma habari za Jerome Bruner wa Marekani, ambaye katika mwaka 1960 alieleza mtaala unaozunguka, yaani somo lile lile hurudiwa kila mara kwa kina zaidi. Atasoma habari za Jean Piaget wa Uswisi, aliyechunguza namna fikra za mtoto zinavyokua hatua kwa hatua, na Benjamin Bloom, ambaye pamoja na wenzake walizipanga mwaka 1956 ngazi za kujifunza kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Ngazi hizo ndizo zinazomwezesha mwalimu kutunga mtihani usiodai kukariri peke yake. Masomo mengine ni falsafa ya elimu, saikolojia, elimu na jamii, mitaala, upimaji na uongozi wa shule. Pamoja na hayo kuna mbinu za kufundishia lile somo alilobobea, kwani namna ya kufundisha Hisabati si namna ya kufundisha Kiswahili.

Ataandaa azimio la kazi la muhula mzima na andalio la somo la kila kipindi. Atatengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyopo, maana si kila shule ya kata ina maabara iliyokamilika. Kisha huja mazoezi ya kufundisha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mafunzo yote. Mwanachuo hupelekwa katika shule halisi kwa wiki kadhaa, akasimama mbele ya mkondo mzima, na mhadhiri akaketi nyuma na karatasi yake akiandika. Hapo ndipo mwenye shahada nzuri hugundua kuwa dakika 40 ni nyingi sana kwa asiyejiandaa, na ni chache sana kwa anayependa kusikia sauti yake mwenyewe.

Fikirieni darasa la huku kwetu. Mtoto wa Nyarugusu au Msalala nyumbani anazungumza Kisukuma, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, madrasa anasoma kwa Kiarabu, na siku anapoingia kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Akinyamaza darasani, mwalimu asiyefundishwa ualimu atasema ni mzito. Mwalimu aliyefundishwa atajiuliza kwanza kama mtoto ameshindwa somo au ameshindwa lugha, kisha atatafuta njia ya kuyatenganisha hayo mawili. Na huku kuna jaribu jingine. Mtoto anayejiona hafahamu kitu darasani anajua kuwa mwaloni na kwenye makarasha kuna watu watakaompa kazi ya kubeba mawe au kuosha marudio, na jioni atarudi na pesa mkononi. Yeye hapimi elimu na ujinga. Anapima siku nzima ya kutoelewa na shilingi elfu chache za leo. Mwalimu anayeeleweka anaweza kumzuia mtoto huyo asiende machimboni, na ndiyo maana nasema ualimu si jambo la kumwachia yeyote aliyekosa pa kwenda.

Sasa, nani anafaa kuomba? Sharti la kwanza ni shahada ya chuo kinachotambuliwa. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kuwa ndani ya shahada yake liwemo somo linalofundishwa sekondari. Aliyesoma kemia, fizikia, hisabati, jiografia, historia, Kiingereza au Kiswahili hana shida. Wa uhasibu na biashara anaweza kuelekea masomo ya biashara. Lakini zipo shahada ambazo hazina somo lake shuleni, na mwenye shahada ya namna hiyo aulize chuo kabla ya kulipa ada ya maombi.

Nataka nikae kidogo kwa masheikh na maustadhi wetu vijana, kwa kuwa wao ndio hasa wanaoniuliza. Wapo waliosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, wapo waliosoma Al-Azhar, na wapo waliosoma Khartoum kabla ya vita iliyozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023. Mwenye shahada ya nje ni lazima kwanza aipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Bila ya hati hiyo ya TCU, chuo hakitampokea hata kama anakijua Kiarabu kuliko Waarabu wenyewe. Kazi hii ianze mapema, na nakala za matokeo zilizoandikwa kwa Kiarabu zitafsiriwe rasmi.

Jambo la pili kwao ni la kuchagua somo. Katika mitihani ya Taifa lipo somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa kidato cha nne, na Maarifa ya Uislamu kwa kidato cha sita, na Kiarabu pia hutahiniwa. Lakini kwa desturi ya muda mrefu vipindi vya dini katika shule za Serikali vimetegemea walimu wanaoletwa na taasisi zetu wenyewe, wengi wao wakijitolea. Wanaofundisha kwa kujitolea Mwenyezi Mungu awalipe, lakini mwalimu anayekuja akipata nauli na kukosa akiikosa hawezi kumaliza muhtasari. Kwa hiyo ushauri wangu kwa ustadhi ni kwamba asitegemee somo la dini peke yake. Awe na Kiarabu, au historia, au Kiswahili, aajiriwe kwa somo hilo, kisha vipindi vya dini avifundishe akiwa tayari yumo shuleni, ana meza yake katika ofisi ya walimu na anasikilizwa katika kikao. Mwalimu mmoja wa namna hiyo ana manufaa kuliko wageni watano wa Ijumaa. Shule za Kiislamu za kanda yetu nazo, kama vile Nyasaka Islamic na Thaqaafa za Mwanza, zinahitaji walimu wanaozijua elimu zote mbili.

Kuhusu mahali pa kusoma, kwa watu wa huku Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ndicho kilicho karibu zaidi. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia, na kina vituo vya mikoa, Shinyanga na Geita zikiwemo. Mwanachuo hujisomea nyumbani, huhudhuria vipindi vya ana kwa ana vinapopangwa na hufanya mitihani kituoni. Faida yake ni wazi kwa mtu mwenye duka Katoro au kibarua Kahama. Hasara yake ni kuwa hakuna wa kukuamsha. Kijana asiyejituma atajikuta miaka imepita na vitabu bado vipya. Anayeweza kwenda kukaa chuoni anaweza kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mtakatifu Agustino kilichopo Mwanza. Na kwa mdogo wake ambaye bado hajaanza shahada, asisubiri kupitia mlango huu wa nyuma. Aombe moja kwa moja shahada yenye ualimu ndani yake, kama zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, ambacho kilianza mwaka 2005.

Ada hutofautiana, na mara nyingi itabidi ilipwe na familia, kwani mikopo ya Bodi ya Mikopo imeelekezwa zaidi kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Kwa mhitimu ambaye bado anadaiwa mkopo wa zamani, ajue kuwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Waislamu wengi waliikimbia kwa kuona ina sura ya riba, ilifutwa mwaka 2021.

Je, akimaliza atapata kazi? Hapa lazima tuseme kweli. Cheti hiki humfanya mhitimu ahesabiwe kuwa mwalimu mwenye shahada, ambaye katika utumishi wa Serikali huanzia ngazi ya mshahara TGTS D. Hakimpi ajira. Walimu waliohitimu bila kuajiriwa ni wengi nchini, na mwanzoni mwa mwaka 2025 walioomba kazi za Serikali waliitwa kufanyiwa usaili, jambo ambalo miaka ya nyuma walimu hawakulizoea. Wa Fizikia, Hisabati na Kemia wamekuwa wakipewa kipaumbele kwa muda mrefu, ilhali wa masomo ya sanaa foleni yao ni ndefu. Lakini mgodi nao hauajiri milele. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafikia mwisho wake mwaka 2021, na mtaalamu wa maabara aliyebaki na shahada ya kemia mkononi anaweza kuanza kusoma PGDE na kujitafutia riziki ya pili bila kuhama mji.

Kwa dada zetu nina neno la pekee. Binti anayeanza kukua, anapopata shida ambayo hawezi kumwambia mwalimu wa kiume, hubaki nyumbani siku 3 au 4 kila mwezi, na baadaye hubaki moja kwa moja. Katika shule za kata za pembezoni za Geita mwalimu wa kike wa Fizikia au Hisabati ni adimu. Wapo akina mama humu mwetu wenye shahada waliokaa nyumbani kulea, na kwa kuwa kituo cha Chuo Huria kipo mkoani, haiwalazimu kusafiri mbali wala kuacha watoto.

Anayekusudia kuomba atayarishe mapema vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada pamoja na matokeo yake, na cheti cha kuzaliwa. Majina katika vyeti vyote yalingane, kwani "Ramadhani" katika cheti kimoja na "Ramadhan" katika kingine limeshawapeleka watu kuapa kwa wakili. Aangalie pia orodha ya TCU kuhakikisha kuwa programu anayoiomba imeidhinishwa kwa mwaka huo. Maombi hufanyika kwa mtandao, na asiyejua kutumia kompyuta amtafute anayejua na akae naye mpaka mwisho, asimwachie namba ya siri.

Wabillahi tawfiq.