Shamba Karibu na Mji wa Kakamega: Kweli au Uongo?

Mwenye hati ndiye mwenye kuuza. Uongo, na ndio unaoumiza watu kuliko yote. Kuanzia Lurambi hadi Shinyalu utakuta hati ambazo bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu anakuonyesha karatasi halali, nambari ya shamba ni sahihi, mahindi yanapendeza. Lakini Sheria ya Urithi haimruhusu hata msimamizi wa mirathi kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Sembuse mjukuu asiyewahi kufika kortini.

Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, kisha rudi bomani bila broka. Tembea hadi makaburini. Jina lililoandikwa kwenye saruji likiwa ndilo lililo kwenye hati, pesa zako zikae benki kwanza. Muulize liguru, yaani mzee wa kijiji: marehemu alioa wake wangapi? Nani yuko Nairobi? Yule anayelima ng'ambo ya ua wa miti ni nani kwake? Kaunti hii ilikuwa na watu 618 kwa kila kilomita ya mraba katika sensa ya 2019. Hapa ni nadra kukuta kipande kisicho na mtu anayekitegemea, na huyo ana haki ya kusikilizwa kabla hujatoa hata shilingi.

Chifu akishuhudia mkataba, mambo yamekwisha. Uongo. Sheria ya 1967 inataka uuzaji wa shamba la kilimo uidhinishwe na bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili. Kama ni mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie pia. Ukiambiwa mama ni mgonjwa hawezi kufika, subiri apone.

Ushuru wa stempu ni ule ule kila mahali. Uongo: ni asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Ulizia mpaka wa manispaa.

Kakamega kila kitu huota. Nusu kweli. Mji hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, lakini mvua hiyo hiyo huosha rutuba na kuacha udongo wenye asidi. Shamba lililobeba miwa miaka nenda miaka rudi bila kurudishiwa chochote huwa limechoka. Nenda mahindi yakiwa shambani, uiname chini ya mabua: ukiona maua madogo ya zambarau, hiyo ni kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Pima udongo kabla ya kukubaliana bei, maana chokaa ya kilimo ni gharama yako.

Dhahabu ikipatikana chini, ni yako. Uongo, ingawa broka wa Ikolomani hupandisha bei kwa neno hilo. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria mwaka 1932 ili iweze kuchukua ardhi ya wenyeji bila kuwapa nyingine. Leo Katiba inaweka madini mikononi mwa umma. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mwenye shamba hudai fidia ya usumbufu na uharibifu.