Kuufikisha Mtandao Nyumba ya Nyuma

Huku kwetu Kamuli aghalabu nyumba kubwa hukaa mbele, na nyumba ya vijana hukaa nyuma, ng'ambo ya migomba. Ruta ya intaneti huwekwa sebuleni kwa baba. Basi binti atakaye kusoma masomo yake usiku hupata mawimbi hafifu, na mwisho wake husimama gizani chini ya dirisha la wazee, au huenda barabarani na simu yake. Jambo hili si dogo, na wazazi yatupasa kulitengeneza.

Kwanza tufahamu ya kwamba mawimbi haya ni ya jamii moja na yale ya redio, ila nguvu zake ni chache mno. Bati huyarudisha, ukuta wa matofali huyapunguza, na maji huyanyonya. Nalo jani la mgomba limejaa maji. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa ya namna mbili. Ya gigahezi 5 yana mbio lakini huishia karibu. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Kwa nyumba ya nyuma chagueni haya ya pili, wala hamtalipa senti.

Wengi husema ruta ikae katikati ya nyumba. Ni kweli mjini, ambako intaneti huja kwa waya. Lakini ruta zetu nyingi hutumia laini ya simu, nazo lazima kwanza ziupate mnara. Ukiificha katikati, chini ya bati, utawagawia watu mtandao mtupu. Iwekeni juu, penye dirisha lielekealo mnara. Na likiwa la upande wa nyuma, ni bora zaidi.

Madukani kuna vifaa vya kurudia mawimbi. Watu hukichomeka chumbani mwa kijana, pale pale mawimbi yalipokufa. Kitarudia nini, nacho hakikusikia? Mahali pake ni katikati ya njia. Hata hivyo, vile vya bei rahisi hupokea na kutuma kwa masafa yale yale, na mbio hupungua hata nusu.

Mimi napendelea waya. Waya wa mtandao hufika meta 100, na mwisho wake hufungwa ruta ya pili, hata kuukuu, iliyopangwa kugawa mtandao tu. Lakini pande za Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi mno duniani, na waya upitao nje waweza kuiingiza ndani. Wingu likitanda, kabla ngurumo haijakaribia, uchomoeni ncha zote mbili, na ruta nazo zitoeni katika umeme.