Je, Wajua? Bendera ya Taifa Katika Daftari la Darasa la Kwanza

Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, huwapa wanafunzi wa Darasa la Kwanza na la Pili kazi nzuri ya kupaka rangi: Bendera ya Taifa. Kijani, nyeusi na njano zilikuwamo katika bendera ya Tanganyika iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Bluu ilitoka Zanzibar mwaka 1964. Kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni wananchi, njano ni madini, bluu ni maji, na mtoto wa Korogwe, mkoani Tanga, ana Mto Pangani wa kuutolea mfano.

Kalamu za rangi zisipotosha, shule za jirani, Handeni, hazikosi mbadala. Mkaa hutoa nyeusi, majani mabichi yaliyopondwa hutoa kijani, na manjano ya jikoni yakikorogwa kwa maji hutoa njano iliyokoza kuliko ya kalamu nyingi. Bluu ndiyo ngumu. Kalamu chache zilizopo zitunziwe rangi hiyo.

Kosa la kawaida ni kugeuza pembe. Kijani hukaa juu, upande wa mlingoti. Bluu chini, upande wa pili. Mshazari mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka chini mlingotini. Mlingoti ukichorwa kwanza ubaoni, mtoto hapotei. Kupaka bila kuvuka mstari huzoesha vidole vile vile vinavyoshika penseli wakati wa kuumba herufi.

Kwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, picha ya mkonge, zao la Korogwe, hufaa zaidi: majani marefu, ncha kali, kijani tupu.