Kabla ya kwenda likizo, iachie baruapepe yako jibu

KISA kilichoripotiwa Oktoba 2008 kutoka Swansea, nchini Wales, kingali kinachekesha. Maafisa wa baraza la mji huo walihitaji kibao cha barabarani cha kuzuia malori, kiandikwe kwa Kiingereza na Kiwelisi. Maneno ya Kiingereza yalitumwa kwa mfasiri kupitia baruapepe na jibu likaja kwa Kiwelisi. Waliolipokea walidhani ndiyo tafsiri yenyewe, wakalichapisha na kukisimika kibao. Kumbe lilisema kwamba mfasiri hayupo ofisini kwa sasa, na kwamba kazi yoyote ya kutafsiriwa itumwe!

Mtambo ulitimiza wajibu wake barabara. Aliyeuachia ujumbe ndiye aliyesahau kwamba si kila amwandikiaye anajua Kiwelisi.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Huo ni muda mrefu kwa mwombaji zabuni au kazi ambaye makataa yanamkaribia, naye hajui iwapo amepuuzwa au barua yake haikufika. Jibu la kujiendesha humwondolea shaka hiyo.

Kuliandaa si kazi ya mtaalamu. Kwa anayetumia Gmail kwenye tarakilishi, afungue mipangilio, katika sehemu ya mambo ya jumla, kisha ateremke hadi karibu na mwisho wa ukurasa. Hapo atapata nafasi ya kuwasha jibu la likizo, kujaza siku ya kwanza na ya mwisho, kichwa cha barua na ujumbe wenyewe. Asisahau kuhifadhi mabadiliko. Wengi huandika vizuri, kisha wakafunga ukurasa na kwenda zao. Outlook, inayotumiwa na ofisi nyingi, huruhusu jumbe mbili: mmoja wa wafanyakazi wenzako, mwingine wa watu wa nje.

Je, anayekuandikia mara kumi atajibiwa mara kumi? La. Gmail humjibu mtu mara moja, na akiandika tena baada ya siku nne ndipo hujibiwa upya. Kizuizi hicho kina sababu. Mitambo miwili inayojibu bila kikomo yaweza kuandikiana usiku kucha, kila mmoja ukiuarifu mwenzake kuwa bwana wake hayupo. Kanuni za kiufundi za intaneti zilizotolewa mwaka wa 2004 zinashauri kwamba jibu la aina hii lisitumwe kwa barua ambayo nayo imetumwa na mtambo.

Kuhusu maneno yenyewe, ufupi ndio bora. Taja siku utakayorejea, pamoja na mwezi, maana "nitarudi tarehe 5" haimfai mtu. Taja anayekaimu nafasi yako na anwani yake, lakini baada ya kumwomba idhini. Si haki mwenzako agundue kupitia kwa wateja wenye hasira kwamba amerithi kazi zako. Kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mistari miwili kwa kila lugha haitamchosha yeyote.

Usiseme unakokwenda. Jibu hili humfikia hata mtu usiyemjua, na tapeli akishajua kwamba mkuu wa idara yuko safarini hadi mwisho wa mwezi, naye mhasibu ni fulani, amepata pa kuanzia: atamwandikia mhasibu huyo kwa jina la bosi, akidai malipo ya dharura. Ujumbe wa watu wa nje na uwe na tarehe na anwani ya jumla ya ofisi, basi. Gmail pia hukuwezesha kuwajibu tu watu walio katika orodha yako ya anwani.

Hatimaye, jaza siku ya mwisho hata kama programu haikulazimishi. Usipofanya hivyo, wiki ya pili baada ya kurejea kazini, ungali utawaambia watu kwamba hupo.