Je, Wajua? Lubumbashi imo ndani ya fomu za dunia nzima

Je, wajua kwamba jina la Lubumbashi limo katika tovuti nyingi zilizojengwa na watu wasiowahi kukanyaga Katanga? Fungua fomu inayouliza majira ya saa ya mahali ulipo, shuka hadi Afrika, utaikuta: Africa/Lubumbashi. Mjenzi wa tovuti kwa kawaida haiandiki orodha hiyo mwenyewe. Huichota kwenye hifadhidata iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, na ambayo tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, mamlaka inayosimamia namba na majina ya intaneti.

Mji umeingia humo kwa sababu Kongo ina saa mbili: Kinshasa ikiwa 12:00, Lubumbashi ni 13:00. Hata saa ya jua imehifadhiwa. Kwa jua, Lubumbashi imeitangulia Greenwich kwa saa 1, dakika 49 na sekunde 52. Saa rasmi huitangulia kwa saa 2 kamili, ndiyo maana jua hufika utosini, kwa wastani, kama dakika 10 baada ya 12:00. Siku hizi jina hilo linaelekezwa kwenye Africa/Maputo, maana miji hiyo miwili imekuwa na saa moja tangu 1970. Halikufutwa, na ni vizuri: programu za zamani zinazolitegemea zingekwama.

Je, wajua kwamba 1.500 ni namba mbili tofauti? Mwenye duka wa Katuba, mjini Lubumbashi, akiiona kwenye kitufe cha kulipia ataisoma elfu moja na mia tano. Mwenzake wa Nairobi ataisoma moja na nusu. Kongo hutenga desimali kwa koma, kama Wabelgiji waliotawala hadi 1960. Muungano wa Unicode umeyaandika haya yote: Kiswahili cha Kongo kina alama yake, sw-CD, cha Kenya sw-KE. Timu ikijenga komponenti moja ya bei na kuipa alama iliyo sahihi, kivinjari hupanga nukta na koma chenyewe kwa zana iitwayo Intl. Kazi ni ya mstari mmoja, na kwa kuwa hapa ni fedha za watu, kwangu hakuna sababu ya kuiruka.

Kalenda nayo inafuata alama hizohizo: juma la Nairobi linaanza Jumapili, la Lubumbashi Jumatatu.