Kosa la ulimi au la simu?
Machi 2020, serikali ilipofunga vyuo kwa sababu ya korona, nilihamishia mtandaoni somo langu la matamshi ya Kiingereza. Mwanafunzi mmoja aliyeishiwa na bando alifanya mtihani kwa simu ya kawaida. Nilisikia 'fail' badala ya 'sail', nikamkata alama. Alipojirekodi na kunitumia, 'sail' ilisikika safi. Kumbe! Simu ya kawaida hupitisha sauti hadi takriban hezi 3,400, ilhali kinachotenganisha /s/ na /f/ hasa kiko juu ya hapo. Darasani macho yangesaidia masikio: /f/ hukutanisha mdomo na meno. Nilimrudishia alama zake. Mwalimu wa lugha asilaumu ulimi kabla ya kuchunguza chombo.