Hisia Zisizotamkwa: Uigizaji na Taswira katika Filamu ya Vuta N'Kuvute

Filamu ya Vuta N'Kuvute (2021), iliyoongozwa na Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilohilo. Katika riwaya, msimulizi huingia moyoni mwa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, na kumfunulia msomaji uchungu wa ndoa hiyo na penzi lake kwa Denge, mpigania uhuru. Kamera haina fursa hiyo. Yaliyomo moyoni hayana budi kusomwa usoni. Ikhlas Gafur Vora, anayemwigiza Yasmin, hutegemea macho na ukimya kuliko maneno. Mwanga hafifu wa vyumbani huwakaribisha wapenzi na papo hapo huashiria hatari inayowazunguka: tofauti ya rangi na dola ya kikoloni. Taarabu, kupitia kwa Mwajuma (Siti Amina), huyapa sauti yale wasiyoweza kuyasema. Kwa hiyo, ukimya wa filamu hii haupunguzi riwaya. Katika Zanzibar ya miaka ya 1950, penzi la Yasmin na siasa za Denge vilihitaji kufichwa vilevile, na mtazamaji hufundishwa kuvisoma kwa pamoja.